Mgeni Mwenye Mkonga

Shangazi aliiona picha, akaandika neno moja tu kwenye kundi la ukoo: "Astaghfirullah." Dakika tano baadaye akaongeza: "Mwanangu, usije ukaturudia na mkonga." Wajomba wakajaza vikaragosi vya kulia kwa kicheko. Binamu yangu mmoja, yule anayejua kila kitu tangu apate kazi bandarini, akauliza kama siku hizi naabudu tembo.

Sikujibu. Nilikuwa jikoni kwa Kaku, vidole vimejaa unga wa mchele, na nilikuwa nimenuna. Picha yenyewe ilikuwa ya sinia la vitafunio, jamani. Tembo alionekana kwa mbali tu, nyuma, ameketi juu ya kibao kilichotandikwa kitambaa chekundu, shingoni ana shada la maua.

Naishi Pune, mji ambao nadhani kila mtaa wa Dar una mtu aliyesoma huko. Nimepanga chumba kwa mama mmoja wa Kimarathi ambaye jengo zima linamwita Kaku, yaani mke wa baba mdogo. Mumewe anaitwa Kaka, na ana miaka sabini na ushee, nimeshazoea. Ambalo lilinichukua muda ni jina alilonipa Kaku mwenyewe: "bala". Wiki ya kwanza nilikaribia kuhama. Mtu gani anakuamsha kila asubuhi kwa kukuita balaa? Kumbe kwa Kimarathi ni mtoto.

Siku ya nne ya mwezi wa Kihindu wa Bhadrapada, ambayo huangukia Agosti au Septemba, Ganesha, au Ganpati, mungu wao mwenye kichwa cha tembo, huja. Nasema huja kwa sababu hivyo ndivyo wasemavyo wenyewe. Kaku hasemi anakwenda kununua sanamu. Anasema anakwenda kumleta Bappa, yaani Baba. Njiani hufunikwa uso kwa kitambaa kama bibi harusi. Akishafika na kuwekwa mahali pake husomewa dua ya kumtia pumzi, na kabla ya hapo, Kaku alinieleza bila hata kuinua macho, ni udongo. Hilo ndilo nililotaka kumjibu binamu, kisha nikaona kwamba mtu anayecheka kwa vikaragosi hajibiwi kwa elimu.

Akitiwa pumzi anakuwa mgeni wa nyumba. Anapangiwa chakula, anawashiwa taa asubuhi na jioni, hapaswi kuachwa peke yake ndani. Kwa Kaku hukaa siku moja na nusu. Majirani wengine humweka siku tano, wengine saba, wenye uwezo na subira humfikisha ya kumi. Sisi tuna methali yetu ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nilipomfasiria Kaku alicheka mpaka akakaa chini. Bappa wake, alisema, anajua adabu, huondoka kabla jembe halijatolewa.

Kwetu Mungu hazungumzwi kama mtu anayekuja na kuondoka, nami sitaanza leo. Lakini kumwona mama wa umri wake akihangaika kwamba mgeni huenda hakulala vizuri kwa sababu ya ngoma za barabarani, hapo nilinyamaza.

Turudi jikoni, maana huko ndiko nilikosomea dini hii. Lile sinia la picha lilikuwa la modak. Kaku ana mbuzi yake ya kukunia nazi. Wao huiita vili, ina ubao wa kukalia na chuma chenye meno, na kisu chake kimesimama palepale. Bibi yangu angeikalia bila kuuliza swali. Nazi inakunwa, inapikwa na sukari guru mpaka inashikana, inatiwa iliki. Kisha unafinyanga unga wa mchele uliopikwa kwa maji moto, unaujaza, unaukunja mikunjo mpaka unafanana na kitunguu saumu, unauweka kwenye mvuke. Ishirini na moja kwa ajili ya Bappa. Na majani yake ayapendayo, ishirini na moja vilevile, wanayaita durva, nami nilitumwa uani kuyachuma nikakuta ni ukoka. Ukoka huuhuu wa kwetu wa kulishia mbuzi! Nilirudi na konzi nzima, Kaku akanirudisha: yachaguliwe machanga, yenye ncha tatu.

Hadithi alinipa huku mikono ikifanya kazi. Parvati, mke wa Shiva, alitaka kuoga kwa utulivu. Akajisugua manjano mwilini, na kile kilichotoka, yaani singo, msisumbuke kutafuta neno jingine, akakifinyanga mtoto. Akampa uhai, akamweka mlangoni: asiingie mtu. Shiva akarudi nyumbani kwake akazuiwa na kijana asiyemjua. Wanaume na milango yao, mnajua. Ugomvi ukaisha kwa kijana kukatwa kichwa. Parvati alipotoka na kuona, hasira yake ilitishia ulimwengu mzima, na Shiva akawatuma watumishi wake wamletee kichwa cha kiumbe wa kwanza watakayemkuta amelala kichwa kaskazini. Wakamkuta tembo. Na ili mama aridhike kabisa, mtoto akapewa haki ya kutajwa kabla ya miungu yote. Ndiyo maana hapa kadi ya harusi, duka jipya, hata daftari la hesabu huanza na yeye, mwondoa vikwazo.

Kaku alipofika pale Shiva anaporudi alisimamisha mikono na kusema, kama mtu anayemsengenya shemeji, "Hakuuliza. Angeuliza tu."

Kisha akanipa hadithi ya mwezi. Ganesha alikula modak kupita kiasi, akapanda panya wake wa kusafiria, panya akashtuka, mzigo ukaanguka. Mwezi ukacheka. Ukalaaniwa, na hadi leo anayeutazama usiku wa siku ya nne ya Bhadrapada atasingiziwa wizi. Basi jioni ile mtaa mzima unatembea macho chini. Mimi nimelelewa juu ya paa la nyumba ya Kariakoo, shingo imepinda, watu wazima wakibishana kama mwezi umeandama au ni taa ya mnara wa simu, nani kauona, Saudia wamesema nini, kesho ni Idi au tunafunga. Kuambiwa nisiutazame mwezi kulinishinda. Niliuchungulia dirishani. Sijasingiziwa wizi bado, ila kuna sufuria moja ya Kaku haionekani.

Jambo moja tu lilinitisha kwelikweli. Jioni ya kwanza walipowasha taa na kuanza kupiga makofi na vijitoazi, Kaka aliwasha kipande cheupe kwenye kijisahani, na harufu ikanifikia: karafumaiti. Nilitoka nje. Jina lenyewe kwetu limebeba maiti. Mara ya mwisho kuinusa nilikuwa kwenye korido ya bibi, wanawake wameingia chumbani na maji na sanda, na mimi nimeambiwa nisubiri. Kaku alinifuata akidhani moshi umenidhuru. Nilimwambia. Alinishika mkono muda mrefu, kisha akasema hapa wanaipenda kwa sababu huungua yote bila kubakiza majivu. Nikarudi ndani.

Sasa nyumbani. Shangazi huyu wa astaghfirullah alikuwa akikopa kwa mzee wa duka la nguo karibu na Mtaa wa Kisutu, Mgujarati, na juu ya droo ya fedha ya mzee yule kulikuwa na picha ndogo ya nani? Huyuhuyu mwenye mkonga, na kijiti cha ubani kinafuka mbele yake. Divali ikifika mzee alikuwa akifungua daftari jipya la hesabu na kuliombea kwanza, ndipo madeni yetu yahamishiwe humo, na watoto tukapewa ladu kwenye karatasi. Shangazi alikula ladu zile. Nina ushahidi, nilikuwa nimezibeba mimi.

Lakini hakuna aliyeuliza picha ile ni ya nani. Tulipita mbele ya mahekalu ya Kisutu kila tulipotoka mjini, tukaona viatu mlangoni, tukasikia kengele, basi. Mpaka leo wengi kwetu hawatofautishi Mhindi na Mhindu, na ukimwambia mtu kwamba wapo Wahindi Waislamu anakumbuka kuwa jirani yake wa Upanga ni mmoja wao. Kwa wale wengine tulibakiwa na neno Baniani, na katika methali zote za Kiswahili iliyowafaa tukaona ni ya kiatu. Labda na wao hawakutaka kuulizwa. Sijui nimlaumu nani, na leo sina nafasi.

Hapa Pune hakuna mlango wa kujificha. Mungu ametolewa barabarani, na aliyemtoa, ukisoma vitabu vingi, ni Bal Gangadhar Tilak, mwenye gazeti la Kesari, mwaka 1893, wakati Waingereza hawapendi kuona Wahindi wamekusanyika. Ibada ya sebuleni ikawa ya mtaa mzima, na mkutano wa dini ni mgumu kuutawanya. Ila msilitamke hilo mbele ya Kaka. Kaka ni mtu wa Bhausaheb Rangari, ambaye wafuasi wake wanasema alitangulia mwaka 1892, na kila mwaka yeye na jirani wa ghorofa ya pili wanaanza ubishi huo upya kana kwamba Tilak yupo ngazini anasikiliza.

Jumuiya za mitaa, mandal, hugonga mlango zikiwa na kitabu cha risiti kudai mchango, vargani. Nilidhani nimeikimbia michango Dar! Tofauti ni kwamba hawa wananipa risiti, na ninayemchangia ninamwona kila siku akiwa na taa za rangi, wakati kamati za harusi za kwetu hukuahidi kadi ya mtu mmoja na ukumbini unakuta viti vimeisha.

Kwa mandal hizi, siku ya kumi ndiyo ya kuaga. Mabibi na mabwana, kelele. Vikosi vya dhol na tasha, wasichana kwa wavulana wamejifunga ngoma viunoni, wanashuka Barabara ya Laxmi. Wa kwanza daima ni Ganpati wa Kasba, mlinzi wa mji, wanne wa heshima wanamfuata kwa zamu isiyobadilika, kisha mamia ya wengine, na msafara hupita saa 24 haujaisha. Madirisha yangu yalitetemeka kama ya nyumba iliyopakana na kigodoro. Tena sanamu nyingi kubwa ni za plasta, haziyeyuki. Picha za miungu waliovunjika mito ikipwa si za kutazama, na wenyeji ndio wanaolalamika kuliko wageni.

Wa Kaku ni wa udongo wa shadu, na aliondoka mapema, mchana wa siku ya pili. Kabla hajainuliwa Kaku alimwekea mtindi mkononi na kumfungia kifurushi cha pepeta za mchele na mtindi, masurufu ya njiani. Nilipoulizwa kwa nini nacheka sikuweza kueleza. Bibi hakuwahi kumwachia mtu atoke bila visheti kwenye gazeti. Mimi mwenyewe nilipanda ndege na vibua vya kukaanga.

Kaka akamsogeza kidogo kwenye kibao chake, ishara kwamba pumzi imetoka. Wakaita "Ganpati Bappa Morya!" na kumsihi mwakani awahi. Hawakwenda mtoni, ndoo ya bluu ilikuwa tayari kwenye baraza, ileile ya kufulia. Akazamishwa mara tatu, ya mwisho akaachwa. Kwanza uliondoka mkonga. Kaku alijipangusa macho kwa pindo la sari, akaniambia nikaoshe sinia. Maji yale yalimwagiwa tulsi yake, ndugu wa mrehani wetu, kwenye chungu.

Usiku nilifungua simu. Kundi la ukoo lilishahamia kwenye habari za umeme. Kulikuwa na ujumbe wa sauti mmoja wa pembeni, wa Shangazi, wa sekunde kumi na moja.

"We mtoto. Hivyo vya mikunjo ni vya nazi? Na iliki unatia lini, kabla au ikishaiva?"