Njia ya Upatanisho katika Mji wa Roma

Katika nyumba nyingi zetu imetundikwa ukutani picha ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro. Watu hutazama kuba, hutazama uwanja na nguzo zake, kisha basi. Leo nawaomba mtazame ile barabara pana inayotoka mbele ya uwanja na kwenda moja kwa moja mpaka karibu na mto. Jina lake ni Via della Conciliazione, maana yake Njia ya Upatanisho. Wageni wa dunia nzima huiendea na kupiga picha. Nayo ina habari yake, ya furaha na ya machozi pia.

Haya, tufunge safari. Tuanzie penye mto Tiber, karibu na Ngome ya Malaika Mtakatifu. Ngome hiyo ni ya mviringo, yenye kuta nene. Hapo kale ilikuwa kaburi la Kaizari Hadrian, na baadaye Mapapa waliifanya boma. Tukiipa mgongo, barabara yetu iko mbele. Si ndefu, yapata mita 500 tu. Mtu mwenye miguu mizima huimaliza kabla ya dakika kumi. Kando zake zote mbili zimepangwa nguzo za mawe zenye kubeba taa. Mkono wa kuume utaliona kanisa la Santa Maria in Traspontina. Na huko mwisho, juu ya yote, limesimama lile kuba alilolichora Michelangelo, lenye kimo cha mita 136 hivi kutoka chini.

Sasa angalia jambo la ajabu. Ukiwa mbali, kuba unaliona vizuri. Ukizidi kukaribia, linazama kidogo kidogo nyuma ya ukuta wa mbele wa kanisa. Sababu yake ni kwamba Michelangelo alikufa mwaka 1564, na baada yake kanisa likarefushwa upande wa mbele. Ndiyo maana wengi husimama katikati ya barabara hii: ndipo mahali pa kulitazama.

Lakini je, barabara hii ilikuwapo tangu zamani? La, haikuwapo. Mahali pake palikuwa na njia mbili nyembamba, Borgo Vecchio na Borgo Nuovo, na katikati yake safu ya nyumba zilizobanana, iliyoitwa Spina. Hujaji wa siku zile alipita kivulini, kati ya kuta ndefu, asione kitu. Mara, ghafula, njia ikafunguka, naye akajikuta katika uwanja mkubwa wenye jua, amezungukwa na nguzo 284 za Bernini, zilizojengwa kati ya mwaka 1656 na 1667. Nguzo hizo zimepindwa kama mikono ya mama anayempokea mtoto. Hapo wengi walitokwa na machozi.

Basi kwa nini nyumba zile zilibomolewa? Mwaka 1870 majeshi ya Italia yaliutwaa mji wa Roma. Tangu hapo Mapapa walikaa ndani ya Vatikano kama wafungwa, wasitoke, kwa muda wa miaka 59. Mwisho, tarehe 11 Februari 1929, Kardinali Gasparri kwa upande wa Baba Mtakatifu, na Mussolini kwa upande wa Italia, walitia sahihi mapatano ya Laterano, na Mji wa Vatikano ukawa dola yenyewe. Barabara ikakusudiwa kuwa ukumbusho wa upatanisho huo. Mwezi wa Oktoba 1936 Mussolini mwenyewe alipanda juu ya paa akapiga sururu ya kwanza. Hata mwaka haujatimia, safu yote ya Spina ilikuwa chini, pamoja na kanisa la Mtakatifu Yakobo, San Giacomo Scossacavalli. Kisha vita vikaingia, na kazi ikamalizika kwa ajili ya Mwaka Mtakatifu wa 1950.

Nawe msomaji utauliza: waliokuwa wakikaa humo, je? Wengi walihamishiwa nje ya mji, katika makazi mapya mbali na kazi zao, mbali na jirani zao, mbali na kanisa walilozoea kusali. Sisi watu wa vijijini tunajua nyumba ni nini. Si matofali na bati tu. Ni mahali walipozaliwa watoto na walipofia wazee. Jina la barabara lilikuwa Upatanisho, lakini mwenye kubeba mzigo wake alikuwa mtu asiyeulizwa neno.

Hata hivyo sisemi barabara hii ni mbaya. Tarehe 26 Aprili 2025, siku ya maziko ya Baba Mtakatifu Fransisko, watu waliujaza uwanja, wakaijaza na njia hii. Katika vichochoro vile wangesimama wapi? Na katika Jubilei ya mwaka 2025, mahujaji walipita hapa kundi kwa kundi, wakiufuata msalaba mpaka Mlango Mtakatifu. Njia ile imewafaa maskini na matajiri sawasawa.

Basi ukijaliwa kufika Roma, fanya hivi. Kwanza pita Borgo Pio, mtaa wa jirani ambao haukubomolewa, uonje njia ya mahujaji wa kale. Kisha rudi kwa njia hii pana, ulitazame kuba, na uwaombee waliohamishwa. Nawe uliye nyumbani, siku barabara mpya ikipimwa kijijini na wazee wakiitwa barazani, usiulize tu itapita wapi. Uliza pia wenye nyumba zile watalala wapi.