Siku Baba Watoto Alipofungua Kinywa

Tangu mama mkwe afariki Tanga, nasi tuko huku Florida bila nauli ya kwenda kumzika, mume wangu aliishiwa maneno. Akitoka kazini ananawa, anakula, analala. Mama mwenzangu, kimya cha namna hiyo ndani ya nyumba unakijua.

Januari wanetu walichanga fedha wakatulipia siku moja na nahodha anayeongoza wavuvi kule Chokoloskee, kwenye mikoko ya Everglades. Mimi baharini na baridi ile! Nilijifunga khanga mbili juu ya koti.

Mzee yule alizima injini, akasukuma mashua kwa upondo, akatuomba tusigonge miguu. Alitueleza kwamba samaki aitwaye snook hastahimili baridi. Upepo wa kaskazini ukivuma, huacha maji ya wazi na kupanda vijito vya ndani, penye tope jeusi linaloshika joto la jua. Baridi ya Januari 2010 iliua wengi mno.

Tulitupa kamba hai karibu na mizizi. Saa nne mshipi wa mume wangu ukavutwa. Snook kweli, na mstari wake mweusi ubavuni! Lakini huko msimu wake hufungwa Desemba hadi mwisho wa Februari. Basi alimshikilia majini mpaka akapata nguvu, akamwachia.

Mikono ikiwa bado majini akasema, "Mama alikuwa akinituma kaa mikokoni. Nikirudi mikono mitupu, hakunigombeza."

Akalia. Mzee akageuka kutazama ndege. Nikafungua khanga moja, nikamfunika.