Mchezaji Akichukuliwa, Waliobaki Wacheze na Nani?

Ndugu msomaji, hebu nikuulize swali. Timu ya shule ya mwanao inapotwaa kombe na basi la shule likazungushwa mjini kwa honi na nderemo, je, huwa unauliza wale wachezaji walisoma wapi kabla ya hapo? Aghalabu hatuulizi. Tunashangilia, tunapiga picha, mambo yanaishia hapo. Lakini sisi tulio huku Hola, makao makuu ya Kaunti ya Tana River, jibu la swali hilo tunalijua vyema, kwa sababu baadhi ya wachezaji hao ni watoto wetu.

Mimi ni mwalimu wa michezo huku. Uwanja wetu ni vumbi tupu, na pembeni yake umezingirwa na mathenge, mti ulioletwa zamani kuzuia jangwa na sasa umekuwa jangwa lenyewe. Miiba yake haina huruma. Mpira mpya ukiingia humo mara mbili, ya tatu hautoki mzima. Hata hivyo, kila mwaka haukosi kijana mmoja au wawili ambao Mwenyezi Mungu amewajalia miguu.

Michezo ya shule, kama ujuavyo, hupanda ngazi: kaunti ndogo, kaunti, kanda, taifa, hatimaye Afrika Mashariki. Katika kanda ya Pwani tunakutana na wenzetu wa Mombasa, Kilifi, Kwale, Lamu na Taita Taveta. Hapo ndipo wenye macho huja kutazama. Mashindano yakiisha, simu inalia: "Mwalimu, yule kijana wako namba kumi tunamtaka. Karo hatalipa. Sare tutampa, na viatu pia."

Utaniambia kwamba hayo si malipo, kwani mchezo wa shule ni wa ridhaa na hakuna mwanafunzi anayepokea mshahara. Haya, basi kamwambie hivyo mfugaji aliyepoteza ng'ombe wake katika ukame wa mwaka 2020 hadi 2022. Kwake yeye, karo ya miaka minne ni mshahara mnono kuliko wa karani wa kaunti. Tusidanganyane: kijana amenunuliwa, ila pesa hazikupita mkononi mwake.

Mzee mmoja alinijia jioni baada ya simu kama hiyo.

"Mwalimu, wanasema watamsomesha bure. Nikatae?"

"Usikatae, mzee wangu," nikamwambia. "Lakini waombe waandike."

Hawakuandika. Kijana akaenda, akafunga mabao, shule ile ikasonga mbele. Muhula wa pili akaumia goti. Muhula uliofuata baba yake akaletewa hesabu ya karo, na ahadi ya mdomo haikupatikana mwenyewe. Kijana akarudi nyumbani akichechemea. Huku nako timu yetu ilikuwa imekwisha kutolewa mapema, na wadogo wake wawili waliokuwa wakijifunza kwake pasi na chenga walikuwa wameacha mazoezi. Wakaniuliza wanajifunza kwa ajili ya nani. Sikuwa na neno.

Wenzetu wa Marekani wamelipitia jambo hili kwa mapana zaidi. Kwa miaka mingi kanuni ya vyuo vyao ilikuwa kwamba mwanafunzi mchezaji apewe masomo, malazi na chakula, lakini mshahara hapana. Watu wetu walifaidika. Henry Rono alikuwa mwanafunzi wa Washington State mwaka 1978 alipovunja rekodi nne za dunia katika siku 81. Suleiman Nyambui wa Tanzania alikimbilia chuo cha Texas kilichoko El Paso, na mwaka 1980 akatwaa nishani ya fedha ya mita 5,000 mjini Moscow. Peter Rono alitoka St. Patrick's, Iten, akaenda Mount St. Mary's kule Maryland, na mwaka 1988 akashinda dhahabu ya mita 1,500 huko Seoul.

Waliotetea kanuni hiyo walisema kwamba malipo yakiruhusiwa, vyuo tajiri vitanunua wachezaji wote na vidogo vitabaki kuokota makombo. Wakaweka pia kikomo: timu ya riadha ya wanaume katika vyuo vya daraja la juu haikuruhusiwa kutoa zaidi ya ufadhili kamili 12.6, ugawanywe wanavyotaka. Kikomo hicho kilisaidia kiasi, kwani hakuna aliyeweza kuwakusanya wote. Lakini je, usawa ulipatikana? Katika futiboli yao na mpira wa kikapu, majina yaleyale machache yaliendelea kutamba. Kijana ambaye hangeweza kulipwa pesa alilipwa kwa kiwanja kizuri, kocha mwenye jina, na kuonekana katika televisheni.

Mwaka 2021 wakaruhusu wachezaji kupata pesa kwa kutumia majina na sura zao katika matangazo. Mwezi Juni 2025 mahakama ikaidhinisha mapatano yanayoruhusu kila chuo kuwagawia wachezaji wake hadi takriban dola milioni 20.5 katika mwaka wa kwanza. Kikomo ni kimoja kwa wote, lakini si wote wenye mfuko wa kukifikia. Na kijana wetu aliye huko kwa viza ya mwanafunzi amebanwa sana na masharti ya kazi, hivyo huenda akamwona mwenzake akilipwa naye akabaki kumeza mate.

Funzo langu ni hili, msomaji. Kukataza malipo hakuleti usawa. Malipo hubadilisha vazi tu, yakaitwa ufadhili. Kufungua mlango wazi nako ni kumpa mwenye nguvu mwiko wa kupakulia. Na kumzuia mtoto asiende ni dhuluma, kwani yeye si mbuzi wa kufungwa kamba. Kipaji chake ni chake, na akipata shule bora, na aende kwa heri.

Kinachohitajika ni mambo mawili. La kwanza ni maandishi: ufadhili ni wa miaka mingapi, na mtoto akiumia, ni nani atakayemtibu na kuendelea kumlipia? La pili ni fungu la mlezi. Katika kandanda ya kulipwa, FIFA imeamuru kwamba mchezaji anapouzwa kabla ya mkataba wake kwisha, asilimia 5 ya fidia igawiwe vilabu vilivyomlea tangu umri wa miaka 12 hadi 23. Shule hazina haja ya kuuziana watoto. Lakini shule kubwa inayomchukua kijana wa Hola inashindwa nini kutuletea mipira kumi na kumfadhili mwalimu wetu akasomee ukocha? Hiyo haitakuwa sadaka. Mbegu ilitoka kwetu.

Tena kuna jambo la karibu. Mtaala mpya umeleta mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo, na wanafunzi wa kwanza waliingia Gredi ya 10 mwezi Januari 2026. Si kila shule hutoa mikondo yote mitatu. Ikiwa mkondo huo utastawi tu penye viwanja vya nyasi na madimbwi ya kuogelea, basi watoto wa Hola, Bura na Garsen watazidi kuhama ili wacheze, na ambaye baba yake hana nauli atabaki nyuma.

Wewe mzazi wa jijini una sauti katika mikutano ya wazazi, kuliko mzee wangu yule. Mwulize mwalimu mkuu mchezaji nyota ametoka wapi, ameandikiwa nini, na shule aliyotoka imepata nini. Nawe mwanafunzi unayecheza naye timu moja, msaidie vitabu. Kombe litawekwa kabatini kwenu, lakini goti atarudi nalo kwao.