Mwanza: Neema ya Ziwa na Amana Yake

Mgeni anayeingia Mwanza kwa mara ya kwanza hupokewa na mawe. Yamepangana juu ya vilima, yamebebana kama mizigo kichwani, na nyumba zimejibanza katikati yake. Maarufu zaidi ni Jiwe la Bismarck, lililosimama ndani ya maji karibu na katikati ya jiji. Jina hilo lilitokana na Wajerumani, walioufanya mji huu kituo cha utawala wao mwaka 1892. Nyuma ya mawe hayo limelala ziwa ambalo kwa ukubwa wa eneo ni la pili duniani miongoni mwa maziwa ya maji baridi.

Likizo iliyopita kamati yetu ya msikiti iliandaa ziara ya familia za madrasa, nami nikiwa katibu nikapewa jukumu la kuipanga. Kabla ya kuondoka niliwakumbusha watoto yale tunayofundishwa katika Surat An-Nahl kuhusu neema za bahari: chakula, mapambo, na vyombo vya kusafiria, ili tupate kushukuru. Nikawaagiza wazitafute neema hizo tatu katika ziwa lao na pembezoni mwake.

Neema ya kwanza tuliikuta alfajiri katika soko la Mwaloni, Kirumba. Dagaa waliokaushwa walikuwa wakifungwa kwenye magunia, tayari kwa safari ya mikoani na nchi jirani. Walikuwapo pia sato, na sangara, samaki mgeni aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950. Sangara ameleta viwanda, ajira na fedha za kigeni, lakini pia amewala samaki wengi wa asili. Mtoto mmoja aliuliza kwa nini minofu husafirishwa Ulaya, na mapanki, yaani vichwa na mifupa inayobaki, ndiyo yaliwe na maskini wa hapa. Sikuwa na jibu jepesi. Nilimwambia alihifadhi swali lake, kwani ipo siku atakuwa na mamlaka ya kulijibu.

Neema ya pili iko ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, katika dhahabu ya Geita, wilaya iliyokuwa sehemu ya Mkoa wa Mwanza hadi mwaka 2012. Hatukwenda mgodini, bali tulifika Kigongo kulitazama daraja la kwenda Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025. Kabla yake, wagonjwa na wafanyabiashara walisubiri kivuko, wakati mwingine kwa saa nyingi.

Ikabaki neema ya tatu. Tulikodi boti ili watoto waione ghuba. Tulikuwa watu 34, na jaketi okozi zilikuwa 20. Mwenye boti akasema watoto ni wepesi, wapakatwe tu, safari moja itatosha. Ninakiri kwamba nilishawishika. Kwenda mara mbili kungemaliza fedha za chakula cha mchana, na muda wa Adhuhuri ulikuwa umekaribia. Nilikuwa nimekwisha kunyanyua mkono kuashiria watu wapande, ndipo bibi mmoja, aliyemleta mjukuu wake, akanishika kanzu.

"Ustadhi, mwanangu," akasema kwa sauti ya chini, "mume wangu yuko Igoma."

Hakuongeza neno. Mtu wa Mwanza hahitaji kufafanuliwa. Igoma ndiko walikozikwa wengi wa waliokufa katika meli ya MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imekaribia Mwanza, imebeba watu kupita kiasi. Zaidi ya watu 800 walipotea. Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere nacho kilipinduka kikiwa karibu kufika Ukara, na zaidi ya watu 200 wakafa. Tulikwenda kwa safari mbili, kila mtu na jaketi yake. Chakula cha mchana kikawa ni mihogo ya kuchoma.

Baada ya sala tulielekea Bujora, Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement kutoka Kanada. Humo zimehifadhiwa ngoma za watemi, na wenyeji huelezea ushindani wa kale wa Bagalu na Bagika, makundi mawili ya wachezaji ngoma. Watoto walijifunza pia kwamba Mwingereza Speke, anayetajwa kuwa aliligundua ziwa mwaka 1858, aliongozana na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani utotoni. Na Stanley alipofika Kageye mwaka 1875, aliwakuta wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wakiwa wamekwisha kuweka makazi.

Njiani kurudi tulisimama Igoma. Waislamu na Wakristo wamelala pamoja pale, na wengi wao hawakutambuliwa kwa majina. Bibi yule alisimama mahali anapopajua mwenyewe, mjukuu wake akiwa ameshika mkono wake. Tuliwaombea dua marehemu. Nami niliomba msamaha kwa ule mkono niliounyanyua.

Ndugu msomaji, njoo Mwanza na familia yako. Panda boti hadi Kisiwa cha Saanane, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2013, uwaone pimbi wakiota jua juu ya miamba. Kula sato wa kuchoma ufukweni. Lakini kabla ya kupanda chombo chochote, hesabu watu, kisha hesabu jaketi. Neema hushukuriwa kwa ulimi, na pia kwa kuichunga amana. Na hakuna amana iliyo nzito kuliko roho ya mtoto uliyepewa na mzazi wake umrudishe jioni.