Kompyuta Chakavu ya Ofisi Ilivyonibadilisha

Mimi ni mhasibu. Kwa miaka mingi kompyuta kwangu ilikuwa chombo cha kufungia hesabu za mwezi, basi. Ikizima naita fundi, ikiwa nzito naomba nyingine; ndani mna nini, sikuwahi kuuliza. Leo nina bisibisi yangu mkobani, na vijana wa mtaani kwetu hapa Tanga huniletea mashine zao niziangalie kabla hawajatoa pesa. Naeleza nilivyofika hapa kwa sababu najua wazazi wengi wako pale nilipokuwa.

Ofisi iliuza vifaa chakavu. Miongoni mwake kulikuwa na Dell OptiPlex 9020 ya kesi kubwa, modeli iliyotoka mwaka 2013. Mashine za namna hii zimejaa Afrika Mashariki: makampuni ya Ulaya na Ghuba yakibadilisha vifaa, vya zamani hupakiwa kwenye makontena na kuja kuuzwa Kariakoo, Luthuli kule Nairobi, na kwingineko. Bei ni ndogo kwa kuwa watu huziona za kuandikia barua. Mwanangu alikuwa amemaliza kidato cha nne na alikuwa akishinda kwenye vibanda vya PlayStation hadi usiku. Akaniambia, "Mama, ile inaweza kucheza gemu." Nikainunua kwa sharti: tutaifungua pamoja, na kila tutakachogusa anieleze kazi yake. Asipojua, tutakwenda kuuliza.

Sharti hilo ndilo lililonibadilisha mimi zaidi yake.

Kesi ya 9020 haihitaji bisibisi kufunguka. Unavuta kitasa, upande mzima unatoka. Ndani tulikuta vumbi limeziba mapezi ya kupozea, na chini yake ile grisi inayopitisha joto kutoka kwenye prosesa imekauka, ukiigusa inamomonyoka kama udongo wa kichuguu. Tuliikwangua taratibu, tukapangusa kwa spiriti, tukaweka nyingine kiasi cha punje ya mchele. Feni iliyokuwa ikinguruma ikatulia. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mashine nyingi tunazozitupa kwa madai kwamba zimechoka hazijachoka, hazikuhudumiwa.

Tulikwenda nayo kwa fundi tukidhani atatuuzia siku hiyohiyo kadi ya grafiki, ile ambayo gemu huihitaji. Baada ya shikamoo na marahaba, akaigeuza kesi, akaweka kidole kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye pawa saplai. "Mama, kabla ya kadi, soma hapa." Iliandikwa wati 290. Akatuonyesha kwamba saplai hiyo haina ule waya wa ziada unaolisha kadi kubwa, na kwamba plagi yake kuu kwenye mazabodi ni ya pini 8, wakati saplai nyingi za dukani zina pini 24. Maana yake huwezi kuibadilisha kwa saplai yoyote unayoiona bila kutafuta kiunganishi chake. Lakini tundu lenyewe ambamo kadi huchomekwa linaweza kutoa hadi wati 75. Kadi isiyozidi hapo haihitaji waya mwingine.

Kwa mhasibu, maneno hayo yaliingia moja kwa moja. Ile ilikuwa bajeti! Una wati 290, prosesa yetu, i5-4590, imepangiwa 84, kadi 75, diski na feni zinachukua kidogo, na inabaki akiba. Tukachagua GTX 1650 ya GB 4, kadi ya mwaka 2019, tukihakikisha ni toleo lisilo na tundu la waya wa ziada, maana yapo yenye nalo. Fundi akatueleza pia kwa nini 9020 ni bora kuliko ndugu yake 7010 wa mwaka 2012: prosesa zake za i5 na i7 ni za kizazi cha nne, chenye maagizo ya AVX2 ambayo baadhi ya gemu za sasa zinayadai. Bila hayo hazifunguki kabisa.

Pesa ilitoka kidogo kidogo. Kwanza diski ya SSD, na hiyo peke yake ilifanya mashine iwake upesi kiasi cha kutushangaza. Kisha RAM, kutoka GB 4 hadi 16, vipande viwili vya DDR3 vya GB 8 ili vifanye kazi kwa jozi. Kadi ilikuja mwisho, nilipopokea zamu yangu ya upatu.

GTA V na The Witcher 3, zote za mwaka 2015 kwa upande wa kompyuta, zinakwenda bila kukwama tukipunguza vivuli kidogo. Red Dead Redemption 2 nayo inachezeka kwa mipangilio ya chini, ila inataka GB 150 za diski, na kuipakua kwa kifurushi cha simu ni gharama ya kukaa kikao cha familia. Indiana Jones and the Great Circle ya mwaka 2024 haichezeki, kwa sababu inalazimisha uwezo wa ray tracing ambao kadi yetu haina. Microsoft nayo iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa hii haimo katika orodha ya Windows 11. Tumehamia Linux Mint, ambayo ni ya bure. Gemu zetu nyingi za duka la Steam zinafanya kazi humo, ila Fortnite haikubali.

Mwanangu sasa yuko nyumbani jioni. Bado anacheza sana, na bado nampangia saa, lakini nikimkuta ameinamia kesi ya jirani akisafisha feni, naona kijana mwenye mikono ya kazi. Mimi nimeipenda Euro Truck Simulator 2. Ijumaa nikitoka kazini naendesha lori kutoka Ujerumani hadi Poland, naye ananikosoa kona zangu.

Nawaomba wazazi wenzangu, na vijana mnaosubiri mpate pesa ya kompyuta mpya: ofisi ikiuza chakavu, fungueni kesi kabla ya kulipa. Someni wati kwenye saplai. Angalieni kama prosesa ni kizazi cha nne au zaidi. Pimeni nafasi ya kadi, maana kesi nyembamba hupokea kadi fupi tu. Vikikubaliana vyote vitatu, ichukueni, na mtoto awepo mnapoifungua.