Lushoto kwa Gari, na Popi Siti ya Nyuma

Kama wewe na mwenzi wako mnapanga kwenda Lushoto wikiendi moja, hongereni, mmechagua vizuri. Kuna kibaridi cha kuvalia sweta, kuna msitu wa Magamba, na kuna Irente, pale unaposimama ukingoni ukaiona nchi tambarare yote iko chini ya miguu yako. Ni mahali pa kushikana mikono bila kulazimishana. Lakini kama nyumbani mna mtoto wa mbwa, swali linakuja kabla hata ya kuweka mafuta: huyu tunamwachia nani?

Kwa wengi jibu ni mlinzi, basi. Kwetu jibu lilituletea mvutano wa wiki nzima. Mimi nilitaka Popi, miezi mitatu wakati huo, aende nasi. Mume wangu alitaka siti za gari lake zibaki kama zilivyotoka Japani. Na tuseme ukweli, alikuwa na hoja. Popi akiingizwa tu ndani ya gari mate yanamtiririka, na kabla hatujamaliza mtaa keshatapika.

Kulikuwa na la tatu, zito kuliko yote. Safari yenyewe ilikuwa ya kumfuata mama mkwe Soni, aje Dar kwa miadi ya macho. Mama ni mtu wa swala tano. Waislamu wengi wa ukanda wetu hufuata madhehebu ya Shafii, na kwao mate ya mbwa ni najisi: yakikugusa unaosha mara saba, moja kati ya hizo kwa maji na udongo. Huwezi kumkalisha mama mzima kwenye siti yenye ute wa mbwa halafu ukamwita mkwe mpendwa. Kwa hiyo makubaliano yalikuwa hivi: nina wiki nane. Popi akiweza kusafiri bila kuchafua gari, anakwenda. Akishindwa, anabaki, na mjadala umefungwa.

KWA NINI ANATAPIKA?

Sababu ni mbili, na zote zina dawa. Ya kwanza ni umri. Ndani ya sikio kuna sehemu inayoshika mizani ya mwili, na kwa mtoto wa mbwa bado haijakomaa. Gari likiyumba, kichwa kinachanganyikiwa, tumbo linafuata. Wengi huacha wenyewe wakikua.

Ya pili ni woga. Hebu fikiria maisha ya mbwa wa Dar. Mara ya kwanza kupanda gari ni siku anayotenganishwa na mama yake, tena ndani ya boksi, kwenye buti. Mara ya pili anapelekwa kwa daktari wa mifugo kuchomwa sindano. Hiyo ya tatu unataka apande akitikisa mkia? Kwake yeye gari ni mahali pa mabaya. Ukimwona anapiga miayo ovyo, analamba midomo, anatetemeka au anatoa mate wakati gari hata halijawashwa, ujue tatizo limeanzia moyoni, siyo tumboni.

MAZOEZI NI HAPO HAPO UANI

Wiki ya kwanza gari halikuwashwa kabisa. Milango wazi, Popi anapewa chakula chake cha jioni humo ndani, anacheza kidogo, anashuka akitaka. Akikataa kuingia hasukumwi. Sahani inawekwa karibu na mlango, kesho inasogezwa ndani kidogo.

Wiki ya pili tukamletea kizimba cha plastiki, vile vyenye mlango wa nondo vya kubebea mbwa na paka. Kwanza kilikaa sebuleni siku kadhaa, ndani kuna kanga yangu kuukuu yenye harufu ya nyumbani. Alipoanza kulala humo mwenyewe mchana, tukakihamishia siti ya nyuma na kukifunga kwa mkanda. Baada ya hapo injini ikawashwa, dakika mbili, tatu, gari limesimama. Kisha kutoka geti na kurudi. Kisha kuzunguka mtaa.

Ukitaka siri ni hii: kila safari iishie kwenye raha. Alipomaliza chanjo zake, pamoja na ya kichaa cha mbwa, tukaanza Coco Beach alfajiri kabla jua halijachoma na watu hawajajaa. Dakika ishirini kwenye gari, nusu saa kwenye mchanga. Baada ya mara nne za Coco, Popi ndiye aliyekuwa anatusubiri mlangoni. Wiki ya saba tukaenda Bagamoyo na kurudi. Alitoa mate kidogo, lakini hakutapika. Mume wangu hakusema kitu, ila nilimwona anamkuna masikio.

Kama mbwa wako anatapika hata baada ya yote hayo, ongea na daktari wa mifugo. Zipo dawa za kichefuchefu zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa. Usimpe vidonge vyako kwa kukadiria.

NJIANI

Siku yenyewe tuliondoka saa kumi na moja alfajiri. Popi alikula usiku wa jana yake tu, asubuhi akapewa maji kidogo. Tumbo likijaa, safari imeharibika. Wanaotoka upande wa Tegeta na Mbezi Beach wana bahati, wanapita Bagamoyo na kutokea Msata bila kugusa foleni ya Kibaha. Kuanzia hapo ni barabara kuu: daraja la Wami, Mkata, Kabuku, Segera.

Vijiji ni vingi na matuta ni mengi. Ukiyapiga kwa kasi utalipa trafiki na utalipa kwa kitambaa cha kufutia. Dereva mpole ni nusu ya dawa. Kioo shusha kidogo hewa ipite, lakini usimwache atoe kichwa nje. Vumbi na vijiwe huumiza macho. Wala usimpakate siti ya mbele, maana mfuko wa hewa ukifyatuka utamuua. Kila baada ya saa mbili tulisimama kivulini, anatembea kwa kamba, anakojoa, anakunywa maji, tunaendelea. Na mkiingia kula, mmoja abaki naye nje. Gari lililozimwa juani linaweza kupanda joto nyuzi kumi ndani ya dakika kumi tu, na mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, anategemea kuhema.

Baada ya Segera machungwa yanakuita pembeni mwa barabara, halafu Korogwe, halafu mashamba ya mkonge yaliyopangwa mistari hadi Mombo. Hapo ndipo mtihani ulipokuwa unatusubiri.

KONA ZA SONI

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi, na barabara inapanda kutoka kwenye joto la tambarare hadi mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Ni kona juu ya kona, mwamba upande huu, bonde upande ule. Hata watu wazima huomba gari lisimame. Mume wangu aliendesha kama amebeba trei ya mayai. Kwenye maporomoko ya Soni tulishuka dakika ishirini, Popi akanusa ile hewa baridi, akapiga chafya.

Alitapika mara moja, kona chache kabla ya kwa mama. Lakini alitapika ndani ya kizimba, juu ya kanga yake. Siti haikuguswa. Kabla sijafungua mlango mume wangu alishashuka, akaitoa ile kanga, akaisuuza kwa maji ya chupa, akatandika nyingine. Wiki nane nyuma mtu huyu huyu alikuwa anasema mbwa ni wa uani. Mimi nikajifanya naangalia mandhari.

Mama mkwe alikizunguka kile kizimba mara mbili, akakagua siti kwa macho yake hayo hayo yanayosumbua. Akasema, "Huyu anakaa kwake, mimi nakaa kwangu. Sina ugomvi naye." Siku ya kurudi alikaa mbele na mwanawe, mimi nyuma na Popi. Karibu na Kabuku aliuliza bila kugeuka, "Amelala?" Alikuwa amelala.

NA WEWE UKITAKA KWENDA

Piga simu mapema. Nyumba nyingine za wageni hazipokei mbwa kabisa. Beba kadi ya chanjo, na pitia kwa afisa mifugo ukaulize kuhusu kibali cha kusafirisha mnyama. Irente mfunge kamba fupi, pale ni genge. Jioni mkague kupe, masikioni na katikati ya vidole. Mkikutana na watu njiani mvute pembeni kwanza, si kila mtu anapenda kunuswa.

Hifadhi za taifa zifute kwenye orodha, mbwa haruhusiwi kutembea humo. Sisi tunaangalia Pangani, barabara haina kona nyingi. Kizimba kiko tayari, na safari hii aliyetaja jina la Popi kwanza sikuwa mimi.