Maji ya Chai: Uwanja Wako, Maji ya Jirani

Ukisikia jina Maji ya Chai kwa mara ya kwanza, unaweza kudhani kuna mgahawa maarufu pale barabarani. Wapi! Wenyeji watakwambia jina limetokana na mto, ambao maji yake yana rangi kama ya chai. Ukitoka Arusha mjini kwa barabara ya Moshi unapita Tengeru, unapita Usa River, halafu ndiyo umefika. Mlima Meru, mita 4,566, unabaki nyuma ya bega lako la kushoto, na mawingu yakikubali unaiona Kilimanjaro kwa mbele. Hewa safi, migomba kila upande, na kazini mjini unaenda na kurudi. Ni rahisi kuelewa kwa nini mtu na mwenza wake waanze kuota nyumba huku.

Na siku hizi ndoto ya nyumba haiishii kwenye sebule na jiko. Watu wanataka na kiwanja cha michezo uani, tena cha nyasi bandia. Tumeziona Kidongo Chekundu, Dar es Salaam, tangu kituo cha vijana cha Jakaya Kikwete kilipofunguliwa mwaka 2015. Tumeziona Kaitaba kule Bukoba na Amaan kule Zanzibar. Kijani mwaka mzima, hakuna kumwagilia, hakuna kufyeka. Kwa nini nyumbani isiwezekane?

Inawezekana. Ila Maji ya Chai tambarare haiji bure. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu wa mashariki wa Meru uliporomoka, na vifusi vyake vikasambaa kuelekea Kilimanjaro. Vilima na maziwa ya Momella, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ni alama za mporomoko huo. Kwa hiyo ukinunua eneo kwenye miguu ya mlima huu, jiandae kununua na mteremko wake.

Sasa tupige hesabu kidogo, usikimbie. Tuseme mnataka kiwanja cha mita 20 kwa 10, na ardhi inashuka mita 1 kila mita 10. Mkilaza urefu wa kiwanja kukatisha mteremko, mtachimba upande wa juu na kujaza upande wa chini, kama mita 25 za ujazo za udongo. Mkiuelekeza urefu huohuo kushuka na mteremko, udongo unakuwa mita 50 za ujazo, na ukuta wa kuzuia kifusi unatoka nusu mita hadi mita nzima. Kiwanja ni kilekile, eneo ni lilelile, gharama ya kuchimba na kujaza imekuwa mara mbili kwa sababu tu ya kugeuza ramani. Fundi atakayeanza kwa kuvuta mpira wa maji kupima usawa, huyo msikilizeni. Atakayeanza na bei ya kapeti, mpeni soda aende zake.

Maana kapeti ndiyo kitu cha mwisho. Chini yake kunatakiwa udongo ulioshindiliwa tabaka kwa tabaka, kisha kokoto, kisha vumbi la mawe lililosawazishwa kwa mwinamo mdogo wa kama asilimia moja ili maji yatoke. Nyuma ya ukuta panatakiwa kokoto na bomba lenye matundu. Bila hivyo, masika ya kwanza tu maji yatajikusanya nyuma yake na kuusukuma. Hapo ndipo kasheshe inapoanza.

Na kasheshe yenyewe mara nyingi haiko kwenu, iko kwa jirani wa chini. Mvua ya milimita 50 kwenye kiwanja cha mita za mraba 200 ni lita 10,000 za maji. Zamani maji hayo yalinywewa na migomba na majani. Sasa yanatoka kwenye bomba moja, kwa kasi, yakielekea shamba la mama ambaye amelima pale kabla hamjajua Maji ya Chai iko wapi. Ndizi na kahawa zake zikisombwa, hata nyasi iwe ya kijani namna gani, ujirani umekauka.

Dawa ipo. Chimbeni mtaro juu ya kiwanja uyakamate maji kabla hayajafika, na chini wekeni shimo la kokoto au tanki, maji yatumike bustanini. Maji ya paa yasichanganywe na hayo. Ukanda huu maji ya ardhini yana floraidi nyingi, inayobadilisha rangi ya meno ya watoto, na ndiyo maana Ngurdoto kuna kituo cha utafiti wa kuiondoa kwa mkaa wa mifupa. Mvua haina tatizo hilo, kwa hiyo maji safi ya paa ni mali.

Chembechembe nyeusi za mpira pia ziacheni. Juani nyasi zake zinaweza kupita nyuzijoto 60, na kwenye mteremko mvua itazibeba hadi mtoni. Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2023 kwamba zisiuzwe tena kwa ajili ya viwanja kuanzia Oktoba 2031. Chagueni nyasi fupi yenye mchanga, na muda wa kucheza uwe asubuhi na jioni. Na kama eneo lenu liko ndani ya mita 60 kutoka mtoni, sahauni kabisa: Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inalinda ukanda huo.

Mmoja wenu atataka mpira wa miguu, mwingine atataka mpira wa pete na kona ya mchicha. Ongeeni mapema, kwa sababu mkishamwaga kokoto, mchicha hauoti tena hapo.

Halafu msiende kuangalia eneo mwezi Agosti, kila kitu kikavu na picha zinatoka bomba. Nendeni Aprili na gumboots zenu. Simameni pembeni ya chini kabisa ya eneo mvua inyeshe, mtazame maji yanaingia kwa nani. Kisha nendeni mlangoni kwake, pigeni hodi, mseme shikamoo. Chora ramani baada ya hapo.